Pishi ya Kununulia na Pishi ya Kuuzia: Namna ya Kupima Tamko la Dola Kuhusu Uhuru wa Siasa wa Nchi Nyingine

Tarehe 24 Juni 2024 Rais Joe Biden alitia saini waraka ulioifanya Kenya kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Siku iliyofuata polisi jijini Nairobi waliwafyatulia risasi za moto vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha na ambao baadhi yao walikuwa wameingia katika majengo ya Bunge. Siku hiyohiyo kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, nchini Haiti, katika kazi ambayo mfadhili wake mkubwa alikuwa Marekani. Mabalozi wa nchi 13 za Magharibi walitoa tamko la pamoja wakieleza wasiwasi mkubwa na kushtushwa na yaliyotokea nje ya Bunge. Kufikia tarehe 1 Julai, tume ya taifa ya haki za binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa.

Aliyesoma habari hizo kwa mfululizo huo alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba huu ni undumilakuwili, kwani maandamano ya namna hiyo yangezimwa kwa risasi katika nchi hasimu, lugha ingekuwa nyingine kabisa. Huenda alikuwa sahihi. Hata hivyo, dhana ni jambo moja na ushahidi ni jambo jingine. Mfanyabiashara mwenye pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia, hukamatwa pale pishi zote mbili zinapowekwa juu ya meza moja na kujazwa nafaka ileile mbele ya watu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziweka pishi hizo mezani. Umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa habari, mwalimu wa uraia, mwanafunzi wa mdahalo, na yeyote anayetaka kubishana na watu kuhusu mambo haya bila kuaibika anapoulizwa swali la pili.

Anza na maneno yenyewe

Tafuta tamko lenyewe kama lilivyotolewa, katika tovuti ya wizara au ya ubalozi uliolitoa, kabla ya kusoma mtu mwingine anasema nini kulihusu. Niliwahi kujenga hoja nzima juu ya kichwa cha habari kilichosema kwamba Ulaya "imelaani" hatua fulani. Nilipolipata tamko, nikakuta limeeleza wasiwasi tu. Neno la kulaani lilikuwa limeongezwa na mfasiri njiani, na hoja yangu ikaanguka nalo. Katika lugha ya kidiplomasia maneno haya yamepangwa kama ngazi. Kufuatilia kwa karibu ni kipandio cha chini kabisa. Juu yake kuna kuwa na wasiwasi, kisha wasiwasi mkubwa, kisha kusikitishwa, kisha kulaani, na juu zaidi kuna kutaja hatua zitakazochukuliwa. Anayeandika tamko anajua amesimama kipandio gani, nawe yakupasa ujue.

Angalia pia nani ametajwa kuwa mtendaji. Kuna tofauti kubwa kati ya "polisi waliwaua waandamanaji" na "watu kadhaa walipoteza maisha", kama kwamba maisha yaliwaponyoka mfukoni wakiwa sokoni. Angalia kama serikali inaambiwa iache, au kama "pande zote" zinaombwa zijizuie, mwenye bunduki na mwenye bango wakiwekwa katika sentensi moja.

Mara nyingine neno muhimu ni lile lisilotamkwa. Tarehe 3 Julai 2013 jeshi la Misri lilimwondoa Rais Mohamed Morsi, aliyekuwa amechaguliwa mwaka mmoja tu kabla yake. Serikali ya Marekani haikusema kwamba hayo ni mapinduzi ya kijeshi. Ilisema haiwajibiki kisheria kuamua kama ni hayo au siyo. Ukiishia hapo utadhani ni ugoigoi wa kirasimu, lakini ukisoma sheria ya bajeti ya Marekani utaona kwamba inakataza misaada kwa serikali ambayo kiongozi wake aliyechaguliwa kihalali ameondolewa na jeshi, na Misri ilikuwa ikipokea takribani dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kila mwaka. Neno lilikuwa na bei. Mwanzoni mwa Agosti Waziri wa Mambo ya Nje, John Kerry, alisema kwamba kimsingi jeshi lilikuwa likirejesha demokrasia. Tarehe 14 mwezi huohuo vyombo vya usalama vilivunja kambi ya waandamanaji katika uwanja wa Rabaa jijini Cairo, na uchunguzi wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ukathibitisha vifo visivyopungua 817. Sehemu ya msaada ilisimamishwa Oktoba, ikarejeshwa Machi 2015.

Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego. Neno "mapinduzi" kwetu linabeba Zanzibar ya Januari 1964, yenye sikukuu na gwaride, na pia linabeba kanali anayetangaza kwenye televisheni usiku kwamba katiba imesimamishwa. Ukiliandika bila kulifafanua utakuwa umetoa hukumu bila kujua. Andika "mapinduzi ya kijeshi", au eleza tu kwamba jeshi lilitwaa madaraka.

Chagua kipimo kabla ya kuchagua kesi

Hatua hii ni fupi, ila wengi huiruka. Usipime nchi kwa hisia zako za siku hiyo. Ipime kwa maandishi ambayo yenyewe iliyakubali. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unalinda uhuru wa maoni katika kifungu cha 19 na mikusanyiko ya amani katika kifungu cha 21. Kenya iliukubali mwaka 1972, Tanzania 1976, na Marekani, kwa mwendo wake, 1992. China iliutia saini 1998 lakini haijauridhia hadi leo. Kwa Afrika kuna pia Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, pamoja na Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa 2007 na kuanza kutumika 2012. Kisha shuka hadi kwenye katiba ya nchi husika: kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatoa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi mtu awe na amani na asiwe na silaha. Kipimo kikishaandikwa kwenye karatasi, hakibadiliki kwa sababu aliyekamatwa ni mtu unayempenda.

Tafuta kesi pacha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo utakapotumia muda mwingi. Kesi moja haithibitishi undumilakuwili hata kidogo. Unahitaji mbili, zenye tendo linalofanana na zilizotokea karibu kwa wakati, zikahukumiwa na mhukumu yuleyule, huku tofauti kubwa ikiwa uhusiano wa mhukumu na mtendaji.

Jozi safi kuliko zote ninazozifahamu ni ya mwaka 2021. Rais Idriss Déby wa Chad alifariki tarehe 20 Aprili kutokana na majeraha ya vita, na badala ya Spika wa Bunge kushika nafasi kwa mujibu wa katiba, baraza la kijeshi likaivunja katiba hiyo na kumweka mwanawe, Mahamat. Siku tatu baadaye Rais Emmanuel Macron alikuwa N'Djamena kwenye mazishi, akiahidi kwamba Ufaransa haitamruhusu mtu yeyote kutishia uthabiti wa Chad. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Mei, Kanali Assimi Goïta wa Mali aliwakamata rais na waziri mkuu wa serikali ya mpito. Macron aliyaita hayo mapinduzi ndani ya mapinduzi, na mwanzoni mwa Juni Ufaransa ikasimamisha kwa muda operesheni za pamoja na jeshi la Mali. Kati ya tendo la kwanza na la pili kulikuwa na wiki zisizozidi tano, na mhukumu alikuwa yuleyule. Katika mizani ya aina hii huhitaji kupaza sauti.

Jozi nyingine zinavutia, lakini zinadai uangalifu. Julai 2013 ndege ya Rais Evo Morales wa Bolivia, iliyokuwa ikitoka Moscow, ililazimika kutua Vienna baada ya nchi kadhaa za Ulaya, zikiwamo Ufaransa na Ureno, kuikatalia anga kwa kudhaniwa kwamba Edward Snowden, Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi za nchi yake, yumo ndani. Mei 2021 ndege ya shirika la Ryanair, iliyokuwa ikitoka Athens kwenda Vilnius, iligeuzwa hadi Minsk, Belarus, kwa tahadhari ya uongo ya bomu, ikisindikizwa na ndege ya kivita, na mwandishi mpinzani Roman Protasevich akakamatwa pale uwanjani. Kwa tukio la pili Umoja wa Ulaya ulizifungia anga ndege za Belarus na kuweka vikwazo. Kwa la kwanza, Ufaransa na Hispania ziliomba radhi na mambo yakaisha. Watetezi wa Minsk waliukimbilia mfano wa Morales mara moja. Je, ni pacha? Nusu tu. Katika yote mawili anga ilitumiwa kumsaka mkosoaji, na ya Vienna ilimhusu rais aliye madarakani, jambo lililo zito kidiplomasia. Lakini Vienna hakukuwa na bomu la kubuni, hakuna abiria wa kawaida waliohatarishwa kwa hadaa, na hakuna aliyetolewa ndani akapelekwa jela. Ukiyaandika matukio haya, andika mfanano na tofauti katika aya moja, wewe mwenyewe, kabla msomaji hajakuandikia kukukumbusha. Hoja inayotaja udhaifu wake haivunjiki kirahisi.

Kuna pia pacha wa kimya, ambaye ni mgumu kumpata kwa sababu hana maandishi. Ukishapata tamko kali kuhusu nchi moja, chukua tendo kama hilo katika nchi rafiki, fungua tovuti ya wizara ileile, na upekue taarifa zote za wiki mbili baada ya tukio. Kama hukuta kitu, huo nao ni ushahidi, mradi uandike ulitafuta wapi na kwa tarehe zipi.

Fuata fedha, silaha na ziara

Maneno ni rahisi, kwa hiyo tazama kilichofuata: misaada iliyokatwa au kuongezwa, viza zilizozuiwa, silaha zilizouzwa, mkono uliopewa. Guinea ya Ikweta imetawaliwa na Teodoro Obiang tangu Agosti 1979. Marekani ilikuwa imefunga ubalozi wake Malabo katikati ya miaka ya 1990, wakati ambapo mafuta yalikuwa bado hayajaanza kutiririka kwa wingi. Ulifunguliwa tena 2003, kampuni za Marekani zikiwa zimekwisha kujikita katika visima vya huko. Aprili 2006 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Condoleezza Rice, alimpokea Obiang jijini Washington na kumwita rafiki mwema, ilhali ripoti za kila mwaka za wizara yake mwenyewe ziliendelea kuorodhesha mateso na uchaguzi usio huru nchini humo. Katika miaka hiyohiyo Robert Mugabe alikuwa chini ya vikwazo vya Marekani na vya Ulaya. Hapa usiseme kwamba Magharibi ilinyamaza, kwa sababu ripoti zipo na utaonyeshwa. Sema kwamba ripoti ilisema hivi na mapokezi yalisema vile, kisha uonyeshe ni kipi kati ya viwili hivyo kilichogharimu kitu.

Kisa cha Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudi Arabia aliyekuwa akiikosoa serikali yake, kinafundisha jambo hilohilo. Aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia jijini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018. Biden, akiwa mgombea, aliahidi kuifanya Saudi Arabia itengwe. Akiwa rais, alichapisha tathmini ya majasusi wake kwamba mrithi wa ufalme aliidhinisha operesheni hiyo. Na Julai 2022, bei ya mafuta ikiwa juu, alikwenda Jeddah, na yeye na mrithi huyo wakagusana ngumi.

Usiisamehe nyumba yako

Sisi wa Afrika Mashariki tunapenda sana kusimulia hadi hapo, kisha tunafunga daftari. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Rudi kwenye jozi ya Chad na Mali, uitazame kwa macho ya Addis Ababa: Umoja wa Afrika uliisimamisha Mali tarehe 1 Juni 2021, na baadaye Guinea, Sudan na Burkina Faso, lakini Chad haikusimamishwa. Baraza la Amani na Usalama la umoja huo lilitaka mpito wa miezi 18 na kwamba wanajeshi hao wasigombee. Mpito ulirefushwa, waandamanaji wengi wakauawa Oktoba 2022, na Mei 2024 Mahamat Déby akatangazwa mshindi kwa asilimia 61, ingawa kifungu cha 25 cha Mkataba wa Demokrasia kinawazuia waliotwaa madaraka kinyume cha katiba kushiriki katika uchaguzi unaofanywa ili kurejesha utawala wa kidemokrasia.

Nchini Tanzania, baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofanyika viongozi wa upinzani wakiwa mahabusu au wameenguliwa na intaneti ikiwa imezimwa, Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika alimpongeza mshindi huku akisikitikia vifo. Siku chache baadaye waangalizi wa umoja huohuo walitangaza kwamba uchaguzi haukukidhi kanuni za umoja huo. Unapokutana na hali ya namna hii, usichague sauti inayokupendeza na kuiita "msimamo wa Afrika". Taja zote mbili kwa tarehe zake, na utaje ofisi iliyozitoa, kwa sababu mwangalizi aliyekaa vituoni na mwenyekiti aliyeko Addis hawana kazi moja.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubali kufanya mkutano wake mkuu Kampala na kumpa Idi Amin uenyekiti. Tanzania ilikataa kuhudhuria, na tamko lake lilisema kwa uwazi kwamba mauaji ya namna hiyo yangefanywa na wakoloni au makaburu, Afrika nzima ingepiga kelele. Ni mojawapo ya maandishi ya kishujaa ya diplomasia yetu. Lakini mpimaji mwaminifu ataongeza kwamba serikali iliyotoa tamko hilo ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, ambayo ilimwezesha rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Tamko linabaki kuwa la kweli, na sheria nayo inabaki kuwa ilivyokuwa.

Nje ya Afrika mambo si tofauti. Oktoba 2022 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu kujadili tu, wala si kulaani, ripoti ya hali ya Waislamu wa Xinjiang, nchini China. Hoja ilishindwa kwa kura 19 dhidi ya 17, na kura 11 hazikuegemea upande wowote. Pakistan, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu zilipiga kura ya kukataa mjadala, Somalia ilikubali.

Kosa la mpimaji halimsafishi aliyepimwa

Serikali nyingi zimejifunza kulitumia neno "undumilakuwili" kama ngao. Mpinzani akifungwa, msemaji anauliza mbona Marekani ilifanya hivi na Ulaya vile. Swali lake linaweza kuwa la haki kabisa, na jibu lake linaweza kuwa aibu kwa Washington, lakini mfungwa bado yuko ndani. Katika daftari lako tenganisha maswali mawili: je, tendo lilivunja kipimo? Je, mhukumu amekitumia kipimo hicho sawasawa? Jibu la swali la pili lisiruhusiwe kuingia kwenye mstari wa kwanza.

Uliza pia kama nchi ya mhukumu ina njia ya kujirekebisha. Oktoba 2023 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa aliagiza maandamano yote ya kuwaunga mkono Wapalestina yapigwe marufuku. Siku sita baadaye mahakama ya juu ya utawala ikasema marufuku ya jumla haiwezekani, kila mkusanyiko uamuliwe peke yake. Kuitaja amri bila kuitaja mahakama ni kupunja. Kuitaja mahakama na kusahau kwamba amri ilitolewa na waziri wa nchi inayowahubiria wengine uhuru wa kukusanyika, nako ni kupunja.

Muda nao ni mpimaji. Mwaka 1987 Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikiita ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, chama cha kigaidi, wakati ambapo vijana wa chama hicho walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro. Nelson Mandela na wenzake waliondolewa kikamilifu kwenye vizuizi vya ugaidi vya kuingilia Marekani mwaka 2008, miaka tisa baada ya yeye kumaliza urais. Kwa hiyo unapokuta mtu ameitwa gaidi, mchochezi au mhaini, andika nani amemwita hivyo na lini, kisha andika amefanya nini.

Kuhusu orodha za kimataifa za viwango vya uhuru, zitumie kwa mwelekeo wa nchi moja kwa miaka mingi kuliko kwa kushindanisha majirani. Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru wa nchi, kwa mfano, hutoa alama 40 kwa haki za kisiasa na 60 kwa uhuru wa kiraia, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka serikali ya Marekani. Hata hivyo iliishusha Marekani yenyewe kutoka 94 mwaka 2010 hadi 83 katika ripoti ya 2021. Taja mfadhili, taja na alama.

Kuandika ulichokipata

Mimi hutumia jedwali la safu tano: tendo, tarehe, maneno ya tamko katika lugha ya asili pamoja na tafsiri yangu, hatua iliyofuata, na tofauti ambazo mpinzani wangu angezitaja. Safu ya tano ikiwa tupu, sijamaliza kutafuta. Sentensi ya mwisho ninayoichapisha huwa ya namna hii: "Ufaransa ilisimamisha operesheni na Mali Juni 2021 baada ya jeshi kutwaa madaraka, lakini Aprili ilikuwa imeliunga mkono baraza la kijeshi la Chad lililovunja katiba, nchi iliyokuwa na jeshi lililotegemewa zaidi katika vita vya Sahel." Haina neno "unafiki", na msomaji hulitamka mwenyewe.

Pakua kila tamko na ulihifadhi pamoja na tarehe uliyolipakua, kwa kuwa kurasa za wizara hubadilika serikali zinapobadilika, na lililokuwapo jana huenda kesho lisionekane. Zipange nakala hizo kwa jina la aliyetoa tamko, wala si kwa nchi iliyotajwa, ili siku dola hilo litakapozungumzia uchaguzi mwingine uweze kulifungua faili lake na kulisoma tangu ukurasa wa kwanza.